Kuandika Pamoja: Somo la Namba 640

Sisi wenyeji wa delta ya Rufiji twajua kwamba safari haianzi mtu atakapo, bali maji yatakapo. Maji yakipwa, baadhi ya mikono ya mto hubaki tope tupu, na mtumbwi wenye mgonjwa au mzigo hukaa kati ya mikoko mpaka maji yajae tena. Kwa sababu hiyo mimi na mwenzangu wa darasani tuliazimu kutunga programu ndogo ya kompyuta ya kukisia saa za maji kujaa Nyamisati. Katika kazi hiyo tulijifunza mambo mawili, nami nataka kuyaeleza hapa.

Jambo la kwanza ni kuandika waraka mmoja watu wawili kwa wakati mmoja, kila mtu na kompyuta yake. Wazo hili si geni. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Marekani, Douglas Engelbart aliwaonyesha watu jinsi yeye na mwenzake aliye mbali walivyoweza kushughulikia maandishi yaleyale. Lakini kuna shida moja. Tuseme mimi naongeza herufi 4 mwanzoni mwa mstari, na papo hapo mwenzangu anafuta herufi ya 10. Agizo lake likifika kwangu kama lilivyo, litafuta herufi isiyo yake, kwa maana ile aliyoikusudia sasa ni ya 14. Mwaka 1989 Ellis na Gibbs walieleza njia ya kuligeuza agizo kabla ya kulitimiza, ili 10 iwe 14. Baadaye ikapatikana njia nyingine: kila herufi hupewa jina lake la pekee lisilobadilika, hata zikiongezwa herufi ngapi mbele yake. Mwenzangu hasemi tena, "Futa ya 10," bali, "Futa ile yenye jina hili."

Sisi tulitumia programu ya kuhariri maandishi iitwayo Emacs, ambayo ina nyongeza ya kazi hiyo. Tukaandika kwamba kila siku maji hujaa dakika 50 baadaye kuliko jana. Siku moja mimi nikaona 60 ni rahisi zaidi kwa hesabu, kwa kuwa ni saa nzima. Nikafuta 5, nikaweka 6. Dakika ileile mwenzangu, aliyekuwa ametazama maji siku chache za bamvua tu, alifuta 5 akaweka 4. Kompyuta zikapatanisha: 5 ilifutwa, 6 ikaingia, 4 ikaingia, na 0 ikabaki mahali pake. Vioo vyote viwili vikaonyesha 640!

Tulicheka sana, kisha tukanyamaza. Kompyuta haikukosea hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba waraka ni mmoja pande zote mbili, na kweli ulikuwa mmoja. Lakini kukubaliana si kusadikika. Tena afadhali 640, kwa maana upuuzi wake waonekana. Kama ingebaki 60 yangu, nani angaliitambua? Kosa la dakika 10 kwa siku huwa saa nzima baada ya siku 6, na saa nzima yatosha kukwamisha chombo.

Hapo ndipo lilipokuja jambo la pili. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Donald Knuth, alitoa makala akisema kwamba programu iandikwe kama insha ya kusomwa na binadamu, na maagizo ya kompyuta yawekwe ndani ya insha hiyo, kila moja karibu na sababu yake. Kutokana na waraka huo mmoja, mashine huchota maagizo yake, na msomaji hupata kitabu chake. Ndani ya Emacs kazi hiyo hufanywa kwa Org, iliyoanzishwa na Carsten Dominik mwaka 2003.

Basi tukaanza upya, na juu ya namba 50 tukaandika maneno haya: "Maji huvutwa zaidi na mwezi. Kila siku mwezi hurudi nyuma ya jua kiasi cha digrii 12 na kidogo. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4. Basi 12 mara 4 ni 48, na kile kidogo kikiongezwa twafika karibu 50. Hiki ni kipimo cha wastani: siku za bamvua muda hupungua, siku za maji mafu huzidi."

Tangu siku hiyo hapana aliyeigusa namba ile ovyo, kwani atakaye kuibadilisha sharti kwanza aijibu sababu yake. Mwenzangu naye aliona kwamba 40 yake haikuwa uongo, ila ilikuwa ya siku chache tu. Ugomvi wetu ukawa sentensi moja zaidi katika waraka.

Nionavyo mimi, mashine yaweza kupatanisha herufi zetu, lakini kupatanisha fikira ni kazi yetu wenyewe, nayo haiwezekani ikiwa fikira hizo hazikuandikwa. Wazee wetu manahodha hutazama mwezi kabla ya kung'oa nanga. Sababu wanayo vichwani. Sisi tuiweke karatasini.

Zoezi: Leo maji yamejaa saa 3 asubuhi. Kwa kipimo cha wastani, yatajaa saa ngapi asubuhi baada ya siku 3? Andika jibu, na chini yake andika sababu. Jibu lisilo na sababu lisipewe alama.