Kuitafuta Telosaiti Ndani ya Wengu: Mafunzo Niliyopata

1. Hadubini ya kawaida ina mpaka wake

Niliposhika picha ya kwanza ya hadubini ya elektroni, nilipigwa na butwaa. Mwili wa telosaiti, seli niliyokuwa nikiitafuta, ulikuwa mdogo, karibu wote umejaa kiini, na kutoka hapo ilichomoza mikono mirefu: telopodi. Kila telopodi hupishanisha vipande vyembamba, podomeri, na vifundo vyenye mitokondria, podomu. Podomeri nyingi hazifiki unene wa mikromita 0.2. Kwa hadubini ya mwanga huwezi kuzipambanua, hata uwe na macho makali namna gani.

2. Ukishapata wengu, usikawie

Wengu umejaa damu na huanza kuharibika mapema. Vipande vidogo viingie kwenye glutaraldehidi papo hapo. Mambo mengine yatasubiri.

3. Alama moja haitoshi

Hapa ndipo utakapotumia miaka yako, basi nitakaa kidogo. Tulipotia kingamwili za CD34, alama tunayoitumia kutafuta telosaiti, kwenye wengu wa panya, mng'ao ulitokea pengi. Mwenzangu mmoja alishangilia. Lakini seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu nazo hubeba CD34. Ongeza CD31: seli yenye zote mbili ihesabu kuwa ya mshipa. Inayobaki na CD34 peke yake ni mtuhumiwa tu, maana zipo pia seli za kiunzi zinazofuma wavu wa wengu. Tafuta alama nyingine, PDGFRα, na uitafute kwenye seli ileile, si kwenye kipande cha jirani.

Ukihamia wengu wa binadamu, jiandae upya. Seli zinazotanda kwenye sinusi zake kwa kawaida hazina CD34, ila zina CD8, alama tuliyozoea kwa limfosaiti T. Hilo lilinishangaza kuliko yote.

4. Jina lisitangulie ushahidi

Kabla ya 2010, Popescu wa Bucharest na wenzake waliziita telosaiti "seli zinazofanana na seli za Cajal". Mwaka huo, yeye na Faussone-Pellegrini wa Italia wakapendekeza jina telosaiti. Wapo wanasayansi wanaoona kuwa ni faibroblasti za aina fulani, na hoja yao ni nzito. Waombe wakusomee rasimu. Ukiona telopodi imegusa makrofaji, andika kwamba imeigusa. Kudai kwamba zinapelekeana ujumbe kunahitaji jaribio jingine, na natamani sana ulifanye wewe.