Mapanja Kwanza, Mtindo Baadaye

Miaka saba iliyopita nilifumua rasta nilizokaa nazo miezi mitatu, nikakuta mapanja yangu yanang'aa kama kiganja. Msusi alikuwa amenikaza hadi nikashindwa kulala ubavu, nami nikavumilia, maana tulikua tukiamini kwamba msuko usiouma haudumu. Baadhi ya nywele zile hazikurudi tena. Tangu hapo binti yangu namsuka mwenyewe, ameketi mkekani, kichwa chake katikati ya magoti yangu.

Naanza kwa kuosha, kisha napaka mafuta ya nazi na kuchana nywele zingali na unyevu. Nachana kutoka nchani nikipanda taratibu kwenda shinani. Ukianzia shinani unayasukuma mafundo yote chini, na nywele za kipilipili zinakatika.

Zikiwa zimejikunja sana, kwanza namfunga uzi. Nashika fungu dogo, nalizungushia uzi mweusi wa pamba kutoka shinani hadi nchani. Siku tatu baadaye nafungua, zimenyooka bila moto wala dawa. Wasichana wengi siku hizi wanauona uzi ni mambo ya kizamani. Mimi sijaona njia iliyo bora zaidi.

Twende kilioni ndiyo shule ya msusi. Chora njia kwa mkia wa chanuo, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, nywele za pembeni uzibane. Anza na mafungu matatu membamba kama njiti za kiberiti. Pitisha la pembeni chini ya la katikati, na kila unapopitisha, chota nywele kidogo za kwenye njia hiyohiyo. Ukipitishia chini, msuko unainuka kama tuta. Ukipitishia juu, unalala. Vidole visiache ngozi, la sivyo msuko unaning'inia. Kaza utosini ukitaka, lakini mizunguko mitatu ya kwanza, pale mbele, mkono uwe mwepesi kabisa.

Mtoto mdogo asiyetulia msuke mabutu, mafungu makubwa machache, amalize akacheze.

Rasta zinataka subira. Nazichambua ncha, kisha nazilowesha kwenye maji yenye siki kidogo na kuzisuuza, kwa sababu zikitoka dukani huwa zinawasha. Sifungi rasta shinani. Nasuka nywele zake mwenyewe mizunguko miwili mitatu, ndipo naongeza rasta kidogo kidogo, uzito ushuke chini ya shina. Fungu la nywele lisibebeshwe rasta nene kuliko lenyewe. Ncha nazizamisha kwenye maji ya moto, taulo likiwa mabegani mwake. Usiku anafunga kitambaa cha satini, na wiki ya sita nafumua hata kama bado zinapendeza.

Nyusi zikivutika au vipele vyeupe vikitokea kwenye mashina, fumua njia hizo siku hiyohiyo. Usimpe mtoto dawa ya maumivu ukasema atazoea.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimebakiza njia mbili, giza linaingia, mgongo unaniuma. Akagusa panja la kushoto: "Mama, hapa panavuta." Nikawasha taa, nikaifumua njia ile yote, nikaanza upya.