Bia ya Nyumbani Isiyotakata

Mara nyingi mtu apikaye bia ya shayiri kwa matumizi ya nyumbani hufungua chombo chake baada ya majuma mawili, akaiona bado ni nyeupe mfano wa maji yaliyooshewa mchele. Hapo huingiwa na wasiwasi, akadhani kazi yake imeharibika. Katika somo hili twaeleza sababu ya jambo hilo, dawa yake, na hatari ya kuitia bia hiyo chupani kwa haraka.

Kwanza yafaa kujua kwamba si kila pombe hutazamiwa kutakata. Busaa, ipikwayo kwa mahindi na wimbi, hunywewa ingali ikichacha, na uzito wake si kosa. Bia ya shayiri ni mambo mengine. Huko Uingereza watu wengi huipika majumbani, maana tangu mwaka 1963 hawatakiwi leseni kwa bia isiyouzwa. Lakini Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 yamtaka mtengenezaji awe na leseni. Basi kila mmoja na aifuate sheria ya mahali alipo.

KWA NINI HUKAWIA?

Kinachochachusha bia ni hamira, yaani viumbe hai wadogo wa jamii ya kuvu. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliwatazama kwa hadubini mwaka 1680, na Mfaransa Louis Pasteur akaeleza kazi yao katika kitabu chake juu ya bia cha mwaka 1876. Hamira hula sukari, ikatoa kileo pamoja na gesi. Sukari ikiisha, chembe zake hushikamana mafundo mafundo, kisha huzama.

Ukubwa wa fundo ndio hutawala mwendo wake. Kwa kanuni aliyoieleza George Stokes mwaka 1851, kitu chenye upana mara kumi huzama kwa mwendo mara mia. Basi chembe zikibaki moja moja, kila moja ikiwa na upana wa sehemu chache tu za elfu za milimita, hapana budi zikawie. Tena ziko aina za hamira zisizoshikamana vema, kama zile za bia ya ngano ya Ujerumani.

PIMA KWANZA

Ukungu waweza kuwa dalili kwamba hamira ingali kazini. Kwa hiyo tumia haidromita, kile kipimo cha kioo kieleacho ndani ya bia. Pima siku tatu mfululizo. Namba ikizidi kushuka, sukari ingali ikiliwa. Mtu akiifungia bia hiyo chupani, gesi hukosa njia ya kutokea, na chupa yaweza kupasuka kwa kishindo na vigae vyake kujeruhi mikono au macho. Namba isipobadilika, na ikiwa imeshuka kadiri ya bia ya aina hiyo, endelea.

Kisha tia bia kidogo katika bilauri, uiweke ndani ya friji siku mbili au tatu. Ikitakata juu na mashapo yakatuama chini, ukungu ulikuwa wa hamira. Bia iliyo safi penye joto ikapata ukungu penye baridi ina shida nyingine, nayo haidhuru mnywaji. Lakini bia iliyoingia uchungu wa siki au harufu mbaya haiponywi kwa kutakaswa.

NJIA ZA KUITAKASA

1. Iache juma moja au mawili zaidi bila kukitikisa chombo.

2. Ukiweza, iweke penye baridi ya digrii 1 hadi 4 za Selsiasi kwa siku mbili au tatu. Baridi huitia hamira usingizi ikazama.

3. Ikikataa bado, chukua jelatini isiyo na ladha, kijiko kimoja kidogo kwa lita 20. Iyeyushe katika maji ya moto yasiyochemka, uimimine ndani ya bia iliyokwisha kupoa, ungoje siku mbili. Waingereza tangu zamani wametumia kibofu cha hewa cha samaki kwa kazi hiyo. Ni kitu kile ambacho wavuvi wa sangara katika Ziwa Victoria hukiita bondo.

4. Hamisha bia kwa mpira safi, taratibu, ukiyaacha mashapo chini.

Usitie kamwe dawa isiyofanywa kwa chakula, wala shabu itumiwayo kusafishia maji.

Mwisho, kumbuka kwamba hamira si sumu. Bia yenye ukungu kidogo yanyweka, ikiwa imekwisha kuchacha. Aliye na haraka ya kuziba chupa ndiye aliye hatarini, wala si yule angojaye juma moja zaidi.