Somo la 9: Hedhi Inapokoma, Ubongo Nao Huguswa

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Tunajua kuwa jambo hili ni la uzazi. Lakini linafika mpaka kichwani.

Ndani ya tumbo la mwanamke mna vifuko viwili vya mayai. Vifuko hivi hutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Homoni ni kama mjumbe. Husafiri katika damu na kupeleka habari mwilini. Estrojeni hufika kwenye tumbo la uzazi, kwenye mifupa, na kwenye ubongo pia. Hedhi inapokaribia kukoma, mjumbe huyu hupanda na kushuka. Mwisho hupungua sana.

Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo inayolinda joto la mwili. Estrojeni ikipungua, sehemu hii hukosea kipimo. Mwili umepata joto kidogo tu, lakini yenyewe huona joto limezidi. Basi hufungulia jasho. Wewe mama unasikia moto wa ghafla kifuani, shingoni na usoni. Baadaye unasikia baridi. Usiku unaamka umelowa. Na mtu asiyelala atakumbuka nini asubuhi?

Ndiyo sababu unatafuta ufunguo, kumbe umeufunga kwenye pindo la khanga. Unamwita mtoto kwa jina la ndugu yake. Usiogope. Usahaulifu wa namna hii huwapata wengi. Kwa kawaida ni mdogo, na kwa wengi hupungua baadaye. Si wazimu, wala hukulogwa.

Nawe baba, sikiliza. Mkeo akitoka nje usiku wa manane, anatafuta upepo. Katika sehemu za Tanzania, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Maneno ya namna hiyo yasianzie nyumbani kwako.

Lakini mtu akipotea njia ya kisima anachokwenda kila siku, au akisahau jinsi ya kupika ugali, hilo ni jambo jingine. Mpelekeni hospitali.

Zipo dawa za homoni za kutuliza joto hilo. Daktari ndiye wa kuamua, maana haziwafai wote. Msizinunue ili kuzuia usahaulifu wa uzee. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2003 ulichunguza wanawake wa miaka 65 na zaidi. Waliopewa homoni mbili pamoja walipata ugonjwa wa kupoteza akili mara mbili ya wale wasiopewa.

Jioni acha kahawa na chai kali. Pima presha, kwa sababu presha ya juu huharibu mishipa ya ubongo.

Hedhi ikikoma mwaka mzima, kisha damu ikatoka tena, hata tone, nenda hospitali upesi. Huenda ni saratani.

Maswali
1. Estrojeni hutengenezwa wapi?
2. Kwa nini mama huamka amelowa jasho?
3. Je, kijijini kwenu watu husema nini juu ya mwanamke mzee anayesahau? Jadilianeni.