Somo: Kutembea katika Makanisa ya Kale ya Firenze

Masomo ya kusoma kwanza: 1 Nyakati 29, 1-16, Mathayo 6, 1-4, Marko 12, 41-44.



Katika usharika mmoja tunaoujua, ambao jina lake hatutalitaja, palitokea mashindano. Kanisa jipya lilikuwa limekwisha kuezekwa mabati, na ndugu mmoja aliyetoa fedha nyingi kuliko wenzake aliomba jina lake lichongwe katika jiwe la juu ya mlango. Wazee wengine walisema, "Ni haki yake, maana pasipo yeye tungalinyeshewa mvua hata leo." Wengine wakasema, "Hasha, nyumba ni ya Mungu." Wakagawanyika, na jiwe likabaki limeegemezwa ukutani bila maandishi. Ndipo walipotuuliza sisi.

Hatukuwajibu siku ile. Lakini tulikumbuka safari tuliyoifanya katika mji wa Firenze, nchi ya Italia, ambako neno hili hili liliulizwa kwa mawe na marimari zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Leo twataka kuwaongoza ninyi nanyi katika njia ile.

Kwanza yatupasa kujua habari za wakati wenyewe. Tangu mwaka 1400 hivi watu wa Italia walianza kuvitafuta tena vitabu vya Wayunani na Warumi wa kale, na mafundi wakayapima magofu yao ili wajifunze jinsi walivyojenga. Wakati huo huitwa Renesansi, maana yake kuzaliwa upya. Firenze ulikuwa mji wa biashara ya sufu na wa wenye benki, na fedha zao nyingi ziliingia katika kujenga makanisa.

Tulikuwa watu wanane, na kiongozi wetu alikuwa mama mmoja mzaliwa wa mji ule. Alishika juu mwavuli mwekundu uliokunjwa, tusije tukampoteza katika msongamano wa watu. Kabla ya kuanza alitupa amri tatu: kufunika mabega na magoti, kunena kwa sauti ndogo, na kusimama kimya iwapo tutawakuta watu wakisali. "Kwenu ni vitu vya kale," alisema, "bali kwa wengine ni kanisa lao." Neno hili lilitufaa siku nzima.

1. San Marco

Kanisa la San Marco na nyumba ya watawa iliyo kando yake vilijengwa upya tangu mwaka 1437 kwa fedha za Cosimo de' Medici, mwenye benki, tajiri kuliko wote mjini. Fundi alikuwa Michelozzo. Mtawa Fra Angelico alichora picha za maisha ya Bwana Yesu katika vyumba vidogo vya watawa, picha moja katika kila chumba, ili mtawa aamkapo aione. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho, na kila mtu aweza kuingia.

Lakini angalieni yaliyotokea. Mwaka 1491 Girolamo Savonarola alifanywa mkuu wa nyumba ile ile. Naye hakuogopa kuhubiri juu ya anasa za mji na kiburi cha wakubwa, hata wa ukoo wa Medici ambao fedha zao zilijenga dari iliyokuwa juu ya kichwa chake. Mwisho wake ulikuwa mchungu: tarehe 23 Mei 1498 alinyongwa, na mwili wake ukachomwa moto katika uwanja wa mji, pamoja na watawa wenzake wawili. Mwaka 1523 Martin Luther alitoa maandiko aliyoyaandika Savonarola gerezani, akayatia dibaji yake mwenyewe. Tena katika mji wa Worms, kwenye sanamu ya ukumbusho wa Luther iliyozinduliwa mwaka 1868, Savonarola ameketi miguuni pake pamoja na Waldo, Wycliffe na Hus. Si mambo yote ya Savonarola yaliyo mafundisho yetu. Ila hapa twajifunza neno moja: atoaye fedha za kujenga hainunui mimbari.

2. Nyumba ya watoto

Mwendo mfupi toka hapo tulipita mbele ya nyumba yenye matao mapana na nguzo nyembamba. Ni nyumba ya watoto waliotupwa na wazazi wao, iliyoanzwa mwaka 1419 kwa fedha za chama cha wafanya biashara wa hariri. Aliyeichora ni Filippo Brunelleschi, na mwaka 1445 ilianza kupokea watoto. Si kanisa, lakini kiongozi wetu alikataa kuipita bila kusimama. Alisema kwamba fundi aliyewajengea watoto wasio na baba ndiye aliyejenga pia kuba la kanisa kuu. Nasi tukakumbuka ya kuwa Luther, aliyesafiri kwenda Rumi mwaka 1510 na 1511, baadaye alizisifu hospitali za Firenze kwa jinsi zilivyowatunza wagonjwa.

3. Santa Maria del Fiore

Kanisa kuu lilianzwa mwaka 1296. Mwaka 1418 kuta zilikuwa zimesimama, lakini juu ya madhabahu palikuwa na tundu kubwa, upana wake zaidi ya mita 40, wala hapakuwa na mtu ajuaye jinsi ya kulifunika. Desturi ilikuwa kusimamisha kwanza kiunzi cha miti, kisha kujenga juu yake. Lakini kwa tundu kubwa namna ile, lililo juu sana toka sakafuni, kiunzi kingalihitaji miti mingi mno. Brunelleschi, aliyejifunza kwanza kazi ya ufua dhahabu, alisema atajenga bila kiunzi. Wengi walimwona kuwa mwenda wazimu.

Alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, ili uzito upungue. Matofali aliyapanga kwa mshazari, mfano wa mifupa ya samaki, hata kila duara lijishikilie lenyewe kabla ya lile la juu yake kuwekwa. Ng'ombe walizungusha mtambo wa kupandisha mizigo. Kazi ilianza mwaka 1420, na mwaka 1436 kuba likafungwa. Hata leo ni kuba kubwa kuliko yote duniani yaliyojengwa kwa matofali.

Nani aliyelipa? Si mtu mmoja. Kazi ilisimamiwa na chama cha wafanya biashara wa sufu kwa niaba ya mji wote, na alama yao ni mwana-kondoo. Brunelleschi amezikwa chini ya sakafu, na kaburi lake lilisahauliwa hata lilipoonekana tena mwaka 1972.

Lakini uzuri wa nyumba hauisafishi mioyo. Jumapili tarehe 26 Aprili 1478, watu wakiwa ibadani ndani ya kanisa hili, maadui wa Medici walimwua Giuliano de' Medici kwa visu. Ndugu yake Lorenzo alijeruhiwa, akaponea chumba cha kuwekea vyombo vya ibada. Mashindano ya matajiri yaliingia hata mahali pa sala.

4. San Lorenzo

Kanisa hili ni la ukoo wa Medici. Ndani, kazi ya Brunelleschi, nguzo ni za jiwe la kijivu na kuta ni nyeupe, na kila kipimo chapatana na mwenzake; mtu akiingia moyo wake hutulia. Lakini kwa nje, uso wa kanisa ni mawe matupu yasiyochongwa, kama nyumba ambayo mafundi wameondoka jana.

Sababu ni hii. Mwaka 1516 Papa Leo wa Kumi, aliye mwana wa Lorenzo yule yule, alimwagiza Michelangelo aufunike uso huo kwa marimari. Michelangelo alikaa miaka milimani akisimamia uchimbaji wa mawe, na mwaka 1520 mapatano yakavunjwa. Huyu ndiye Papa ambaye wakati wake vyeti vya msamaha viliuzwa katika Ujerumani ili kanisa la Petro Mtakatifu huko Rumi lijengwe. Mwaka 1517 Luther aliandika hoja zake 95, na katika hoja ya 50 aliligusa jambo lenyewe: kanisa lisijengwe kwa ngozi na nyama na mifupa ya kondoo. Mwaka 1520 Papa alitoa barua ya kumwonya Luther. Mwaka 1521 akamtenga.

5. Santa Maria Novella

Hapa ndipo tulipopata jibu la wale wazee. Uso wa kanisa hili ulikamilishwa na fundi Leon Battista Alberti kwa marimari nyeupe na ya kijani, nao ni mzuri mno. Mlipaji alikuwa Giovanni Rucellai, mfanya biashara. Inua macho, nawe utaona jina lake kwa herufi kubwa za Kilatini, toka upande mmoja hata wa pili, pamoja na mwaka 1470. Tusimdharau. Pasipo yeye, huenda ukuta ule ungalibaki mtupu kama ule wa San Lorenzo.

Kisha tuliingia ndani. Katika ukuta wa kushoto iko picha ya Utatu Mtakatifu, aliyoichora Masaccio mwaka 1427 hivi, naye alikufa mwaka uliofuata kabla hajatimiza miaka 27. Baba anaushika msalaba wa Mwana, na Roho yu kati yao mfano wa hua. Kwa ufundi wa kupima mistari, ukuta unaonekana kana kwamba umetobolewa na chumba kimefunguka nyuma yake. Nje ya tao la chumba kile wamepiga magoti mwanamume na mwanamke. Hao ndio waliotoa fedha. Hawakujiweka ndani pamoja na watakatifu, bali kizingitini. Majina yao hayamo pichani, na hata leo wenye elimu hawapatani walikuwa nani. Chini yao imelala mifupa ya mtu, na maandishi yanamwonya asomaye ya kuwa naye atakuwa vivyo hivyo.

Basi kanisa ni moja, na matoleo ni mawili. Mmoja ameandikwa juu ya mlango, wawili wamepiga magoti.

Hayo tuliwasimulia wazee, na yule ndugu alikuwapo. Aliuliza neno moja tu: "Wale waliopiga magoti, walikuwa na mali?" Tukamjibu, "Ndiyo, maana maskini hakuweza kulipia picha ile." Akanyamaza. Jiwe limekwisha kuwekwa sasa, nalo lina mwaka tu, wala hakuna jina. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika mwiko na chokaa. Wazee wawili wangali wakisema ya kuwa alionewa, nasi hatukuwakemea, kwa maana shukrani nayo ni wajibu wa usharika.

Maswali ya kuulizana:

1. Daudi alitoa mali nyingi kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Katika sala yake alisema mali hiyo ilitoka kwa nani?

2. Je, mwenye kutoa sana katika usharika wetu aweza kukemewa na mwalimu kama mtu mwingine?

3. Tukijenga kanisa, je, tumewakumbuka pia yatima na wagonjwa waliomo kijijini?

4. Twaweza kumshukuru mtoaji kwa njia gani, tusimnyang'anye thawabu yake?