Kuzuru Kisangani kwa Masikio: Somo Dogo la Mji Katika Filamu

1. Swali

Miji inayojulikana kwa tasnia ya filamu ina desturi yake ya kupokea wageni. Mgeni huonyeshwa studio, nyumba za waigizaji na barabara zilizotokea katika picha fulani. Kisangani haina studio kubwa za namna hiyo. Hata hivyo, mji huu na viunga vyake umekwisha kupigwa picha na watu wa Hollywood, na baadaye umepigwa picha na mtoto wake mwenyewe. Kwa hiyo hapa pia mtu anaweza kutembea kutoka filamu hadi filamu.

Kwa mwanafunzi wa lugha, swali la matembezi hayo si "palionekana nini?" Swali ni "nani alisema, na kwa lugha gani?" Makala hii inapendekeza vituo vitatu, na katika kila kimoja tutauliza swali hilohilo.

2. Kituo cha kwanza: Lubunga na njia ya Ubundu

Tuanzie ufukoni. Tukivuka mto kwa mtumbwi tunafika Lubunga, komine pekee ya mji iliyo ng'ambo ya kushoto. Hapo ndipo inapoanza reli ya Ubundu, mji ulioitwa Ponthierville wakati wa Wabelgiji. Reli hiyo ya kilomita 125 ilijengwa ili kuyazunguka maporomoko saba ya Boyoma, ambayo vyombo vya mtoni haviwezi kuyapita.

Upande huo, kwenye mto Ruiki, karibu na Biondo, mwongozaji John Huston alifika mwaka 1951 na Katharine Hepburn na Humphrey Bogart kupiga sehemu ya *The African Queen*. Sehemu nyingine ilipigwa Uganda. Mwaka uliofuata Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Lakini kisa cha filamu si cha Kongo. Kinatoka katika riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, nacho kinatokea mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani sehemu kubwa ya Tanzania ya leo. Ruiki yetu iliigiza mto wa Tanganyika. Tazama basi jambo hili: nchi inayosimuliwa ilitawaliwa kwa Kiswahili, kwa kuwa Wajerumani walikitumia mashuleni na katika utawala. Nchi iliyopigwa picha nayo ilikuwa na Kiswahili tangu siku za Tippu Tip na watu wake. Lugha hiyo ndiyo iliyounganisha mito hiyo miwili kwa kweli, na katika filamu haina kazi yoyote ya maana. Wanakijiji wanaonekana kanisani wakijaribu kuimba, kijiji kinachomwa moto, na baada ya hapo mazungumzo ni ya Wazungu wawili ndani ya mashua. Mahali pameonekana, lakini wenyeji hawakusikika.

3. Kituo cha pili: Yakusu

Tukirudi ng'ambo ya kulia na kushuka mto kidogo tunafika Yakusu, misheni ya Wabaptisti iliyojulikana kwa hospitali yake na kwa kazi ya daktari Stanley George Browne juu ya ukoma. Mwaka 1958 Fred Zinnemann alikuja Stanleyville na Yakusu kupiga sehemu za *The Nun's Story*, filamu iliyotoka mwaka 1959. Audrey Hepburn ndiye aliyeigiza mtawa Mbelgiji anayetumwa Kongo kuwa muuguzi.

Hapa kuna hatua moja mbele. Baadhi ya Wakongo wana majina: Kalulu, na Illunga, jina ambalo kila msomaji wetu atalitambua kuwa la Kiluba. Lakini Kalulu aliigizwa na Orlando Martins, Mnigeria, na Illunga aliigizwa na Errol John wa Trinidad. Jina limetoka kwetu, sauti imetoka kwingine. Hatuwalaumu waigizaji hao, waliofanya kazi yao vizuri. Tunachoona ni kwamba jina peke yake halitoshi kumfanya mtu awe msemaji.

4. Kituo cha tatu: daraja la Tshopo

Turudi mjini, tupande hadi daraja la mto Tshopo. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, na mamia ya raia waliuawa. Baadhi ya waliopona walibaki bila miguu au mikono.

Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani mwaka 1984. Mwaka 2014 alitoa *Examen d'État*, kuhusu vijana wa mji huu wanaofukuzwa darasani kwa kukosa pesa ya walimu, wakapanga nyumba pamoja ili wajiandae kwa mtihani wa taifa. Kifaransa ndiyo lugha ya mtihani, lakini njia ya kuufikia hupitia lugha za mji. Mwaka 2020 alitoa *En route pour le milliard*. Humo wahanga wa vita ya siku sita wanashuka mto kwa boti, takriban kilomita 1,700 hadi Kinshasa, kudai fidia. Wanasema Kiswahili na Lingala, wanabishana, wanaimba, wanakasirika. Filamu hiyo iliteuliwa katika orodha rasmi ya Cannes mwaka huo.

Wahanga walikuwa na sababu ya kusafiri. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2005 kwamba Uganda inapaswa kulipa Kongo fidia, na kiasi kilipangwa Februari 2022: dola milioni 325. Hukumu ya namna hiyo huandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Maumivu yenyewe yalisimuliwa kwa lugha nyingine. Katikati ya lugha hizo yuko mfasiri, na mfasiri huyo ndiye kitivo chetu kinamfundisha.

5. Tuandikeje tunachosikia?

Nimeandika hapo juu "vita ya siku sita". Msomaji wa Dar es Salaam angesahihisha: "vita vya siku sita". Katika mji wetu husikika "vita ya", kama vile husikika "batu" kwa "watu" na "mutu" kwa "mtu". Mtu anapoandika ushuhuda akasafisha maneno hayo yote, msomaji atafahamu habari, lakini hatafahamu tena ni nani aliyeisema na wapi. Akiyaacha yote bila maelezo, msomaji wa mbali atadhani ni makosa.

Ndiyo maana mistari miwili ni bora kuliko mmoja: wa kwanza kama ilivyosikika, wa pili kwa Kiswahili sanifu. Kiswahili sanifu hapo kinakuwa msaidizi wa msemaji, si hakimu wake. Hata jina la mji lina funzo hilo. Wengi hulieleza kuwa ni "kisanga" pamoja na "-ni" ya mahali. Leo watu wa Kisangani husema zaidi "ku soko" kuliko "sokoni", na hakuna anayedai tubadili jina la mji wala tubadili watu.

6. Zoezi

Chagueni dakika tano za filamu ya Hamadi, wanafunzi watatu kwa kila kundi. Mmoja aandike kila neno kama lilivyosikika, pamoja na mahali msemaji anapohama kutoka Kiswahili kwenda Lingala. Wa pili aandike kwa Kiswahili sanifu. Wa tatu alinganishe na maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya picha, akionyesha kilichoachwa. Kisha mpelekeeni mzee wa mtaani kurasa hizo, mmsomee mstari wa kwanza na mmwulize kama ndivyo mtu wa hapa angesema. Akicheka, rudini kusikiliza tena.