SOMO LA MWEZI: ELIYA CHINI YA MRETEMU
(Soma 1 Wafalme 19:1-8)

Safari hii twawaomba mfungue Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Eliya ametoka kuwashinda manabii wa Baali pale Karmeli, lakini vitisho vya Yezebeli vinamkimbiza hadi jangwani. Anaketi chini ya mretemu, anamwomba Mungu amtwae afe, kisha analala.

Tutazame Mungu alivyomtendea. Hakumkemea kwa upungufu wa imani. Alimtuma malaika amguse na kumpa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, huko Horebu. Kwanza ulitunzwa mwili.

Habari hii yatuhusu sana sisi wa Rufiji na Kibiti. Kati ya mwaka 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa katika nchi yetu hii. Tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa askari polisi 8 kwa siku moja, nayo ilikuwa Alhamisi Kuu, siku tunayokumbuka jinsi Bwana wetu alivyowafunulia rafiki zake huzuni yake bustanini, akawasihi wakae macho pamoja naye. Mpaka leo wako watu ambao wakisikia pikipiki usiku, usingizi umekwisha. Tena Aprili 2024 mto ukafurika, ukachukua mashamba na nyumba. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na msiba huu haukuuliza mtu dini yake.

Basi mtu asiyelala majuma mawili, asiyekula, aliyeacha shamba liote majani, anayesema afadhali kufa, tunamwambiaje? Wengi wetu husema, "Omba sana, ndugu." Ni neno la kweli, lakini likisemwa upesi mno humfunga mtu mdomo. Huyo apelekwe hospitali, Utete au Mchukwi, na waganga wakiona haja watampeleka Muhimbili. Na tuache kulifanya jina la Mirembe, hospitali iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927, kuwa tusi la kutaniana. Wako watu waliorudi kutoka huko wakalea watoto wao.

Twaandika hili kwa majuto. Tuliwahi kumsikia mwenzetu akishuhudia ibadani kwamba ametupa vidonge vyake kwa sababu ameponywa, nasi tukapiga makofi. Baada ya muda mfupi hakuwatambua wanawe. Hatukuwa na haki ya kumshangilia. Dawa za akili, na za kifafa vilevile, haziachwi ghafula bila shauri la mganga. Kuzimeza si kumkana Mungu. Luka naye alikuwa tabibu, na Paulo hakumficha.

Taabu nyingine ni safari. Mtu wa Salale au Msala hungoja maji yajae, alipe nauli ya chombo, kisha ya gari, na mgonjwa wa namna hii hawezi kusafiri peke yake. Hapo sala ya kanisa inahitaji miguu na fedha kidogo.

Mtakapokutana vikundini, someni pia Zaburi ya 88, inayoishia gizani, wala msikimbilie kuifasiri. Kisha pangeni nani atatembelea nyumba ipi juma hili, nani atachukua unga, na nani atakwenda na mgonjwa hospitali siku yake ya dawa.